Jirani Uliyemuua kwa Mstari Mmoja

Naliaka wangu,

Umeenda kule Raila, Kibera, kuwaaga wenzako wa filamu, na najua hutarudi mapema, kwa hiyo nimefunika cherehani nikae niandike. Sitakwambia habari ya sweta wala ya kula vizuri. Huko Johannesburg unakokwenda kuna baridi na kuna chakula, na wewe una akili zako. Nataka kukujibu lile uliloniuliza ulipoiweka skripti juu ya meza yangu, katikati ya vitambaa, ukasema, "Mathe, soma. Na usinihurumie."

Nimesoma. Nimesoma yote, nikarudia. Sehemu ya pili ya filamu yako haijafika pale ilipofika ya kwanza, na nadhani najua kwa nini. Sababu yenyewe si yako peke yako. Kuna mambo ulipaswa kuyajua kabla hujaandika, na mtu wa kukuambia nilikuwa mimi.

Mimi si mjuzi wa sinema. Lakini ile ya kwanza niliishonea nguo, na nilikuwepo siku mlipoionyesha katika ukumbi wa kanisa kule Kisumu Ndogo. Nakumbuka watu walivyocheka mwanzoni walipoona zile mashine zenu za mabati zikitembea kama mlevi, na helmeti ya boda kichwani. Kibera ya miaka ijayo, maji yanalindwa na askari wa bati, na baba yake Tatu, shujaa wenu, anauawa kwenye bomba akiwa na mtungi mgongoni. Kicheko kikaisha hapo hapo. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, na ulimpa nafasi ya kufa. Ulimfanya Tatu atafute kiatu kilichomtoka baba yake, akitafuta kwenye tope huku watu wanamwambia aje, aache kiatu. Halafu mwishoni anaipanda ile mashine, anafungua kifuniko cha kifuani, na ndani yake ameketi jirani. Yule yule wanayegawana naye ukuta. Wanatazamana, na filamu inaishia hapo.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami, nisiyemjua kabisa, alinishika mkono akaubana. Mimi nilikaa pale mpaka watu wakaisha ukumbini. Kwa sababu hadithi ile mimi sikukusimulia kamwe. Kila uliponiuliza mdomo wa baba yako ulipatwa na nini, nilikujibu, "Watu tu, wakati wa vurugu." Kumbe alikuwa amekwambia yeye mwenyewe, mchana nikiwa kazini, kwa ule mdomo wake, neno baada ya neno, mpaka ukaelewa.

Sasa nimefungua sehemu ya pili. Tatu ana mkono wa moto. Mashine zinashuka kutoka juu, nyingi kama nzige, na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti ameshachoma mstari mzima wa mashine, na watu wako ndani. Vichwa vinaruka. Damu inatiririka kwenye mabati. Gatwekera yote, mtaa wetu wa zamani, inateketea, na kwenye ukurasa unaofuata watu wanapiga vigelegele. Hakuna aliyezikwa. Hakuna anayemtafuta mtu wake. Tatu, ambaye katika ile ya kwanza alijikojolea kwa hofu na ukumbi mzima ukampenda kwa hilo, haogopi kitu tena.

Mimi nilikuwa namtafuta jirani. Nikapindua kurasa nikitaka kujua alipofunguliwa kile kifuniko, alisema nini? Tatu alimfanya nini? Mwishowe nikakuta mstari mmoja, Tatu anamwambia rafiki yake wakiwa wanapanda ngazi: "Yule jirani alishakufa zamani."

Basi. Amekwisha.

Ulimuua kwa mstari mmoja kwa sababu hukujua la kumfanyia. Sikulaumu. Mimi mwenyewe sijui la kumfanyia mpaka leo, na wangu yuko hai.

Wacha nianze mwanzo, hata kama baba yako alikuonjesha. Tulikuwa tunakaa Gatwekera, nyumba mbili zinazogawana ukuta wa bati. Upande wa pili walikaa Baba Lavenda na Mama Lavenda. Ukuta ulikuwa mwembamba hata kijiko chao kikigonga sufuria tulisikia. Mama Lavenda ndiye aliyekubeba nilipokuwa naenda kufua nguo mitaa ya wenye nazo, kabla sijajua kushona. Lavenda na wewe mlinyonya matiti yale yale, kwa sababu siku nyingine nilichelewa na hakuweza kukuacha ulie.

Baba yako alikuwa na chumba cha video. Kuta za udongo, magunia madirishani, mabenchi, televisheni moja na jenereta. Filamu zilikuwa za kigeni na watu hawaelewi Kichina, kwa hiyo yeye alisimama kando ya televisheni akawaeleza. Aliwapa waigizaji majina ya watu wa mtaa. Adui alimwita jina la mwenye nyumba wetu. Watu walilia kwa kucheka. Baba Lavenda alikaa benchi la mbele karibu kila jioni, na kwa kuwa alikuwa fundi seremala, mabenchi yale alitengeneza yeye.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, moshi ulianza upande wa reli. Ilikuwa mchana, jua kali. Tulisikia mbio, halafu mabati yakipigwa kwa mawe, nyumba hadi nyumba. Baba yako akaniambia nikae na wewe ndani, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha video, kilichokuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Mimi sikukaa ndani. Nilikuwa na wewe mgongoni.

Likaja kundi. Vijana wengi sikuwajua. Aliyekuwa mbele nilimjua. Baba Lavenda, na mkononi alikuwa na panga letu, alilokuwa ameliazima kukatia mbao za kitanda.

"Toka mlangoni, Baba Naliaka," alisema.

Baba yako akamtazama. "Wewe? Ni wewe umekuja?"

"Toka tu. Nakuomba."

"Nitoke niende wapi?"

Nyuma mtu akapiga kelele, "Unaongea na yeye nini? Ama wewe ni wao?"

Ndipo akampiga. Hakuinua panga juu kama wanavyofanya kwenye skripti yako, wala hakusema maneno ya kukumbukwa. Alilipeleka kando, kama mtu anayefukuza nzi, na macho amefumba. Likaingia shavuni likapasua mpaka taya. Meno yalianguka kwenye kizingiti, niliyasikia. Baba yako hakulia. Aliweka mkono pale, mkono ukaingia ndani. Walimruka wakaingia, wakatoa televisheni, wakatoa jenereta, na mmoja wao aliteleza kwenye damu akaanguka, wenzake wakamcheka. Walicheka, Naliaka. Kicheko kile ndicho ninachokisikia bado.

Nilikufungua mgongoni nikamfunga yeye uso kwa leso yako. Tukampakia kwenye mkokoteni wa mtu wa makaa. Wewe ulikuwa umekaa juu ya miguu yake, damu mpaka kwenye nywele.

Miezi baadaye, nilipokutana na Mama Lavenda, aliniambia waliingia kwao kwanza. Walimwuliza mumewe, uko na sisi au uko na wao, na Lavenda alikuwa amejificha chini ya kitanda. Kuwapeleka kwetu kulikuwa njia ya kuwatoa kwake. Nilimwacha amesimama barabarani na dagaa wake wa omena.

Tukahamia Kawangware. Taya lilishonwa vibaya, ulimi ulikuwa umekatwa ubavuni, na kuanzia hapo baba yako aliongea kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Walioelewa tulikuwa wawili, mimi na wewe. Dukani nilikwenda naye nimsemee. Kanisani nilimsemea. Alianza kwenda pole pole kwenye maisha kama mgeni wa lugha, na mimi nikawa sauti yake. Kosa langu la miaka ile ni kwamba niliifunga hadithi kabisa. Nilivunja diski zote zilizobaki. Ulipochora yale majitu yako ya chuma ukutani nilikuchapa kwa mwiko. Nilidhani nikiizima sinema, na ile siku itazimika.

Sasa sikia usilolijua.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikwenda sokoni wote watatu kukununulia viatu vya shule. Utakumbuka kwamba nilikusukuma ghafla kwenye kibanda cha mama muuza nafaka, nikamwambia akuzibe macho. Uliniuliza usiku ule, "Walikuwa wanachapa nani?" Nikakujibu, "Mwizi." Hilo ndilo unalolijua.

Walikuwa wamemshika mtu, wanasema ameiba pikipiki. Alikuwa chini, shati limechanika lote, na kila aliyepita alimpiga kwa alichokuwa nacho. Nilimwona mwanamke aliyebeba nyanya akaweka ndoo yake chini vizuri, nyanya zisimwagike, akaenda akampiga teke, akarudi akachukua ndoo yake. Vijana wawili walikuwa wameleta tairi. Petroli ilikuwa kwenye chupa ya soda.

"Choma yeye! Wamezoea hawa!"

Yule mtu akageuza uso. Baba yako akaniachia mkono.

Nilimwona anainama, anaokota kipande cha tofali. Akaingia katikati yao. Watu wakampisha, kwa sababu, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, kila mtu alidhani na yeye ana kesi yake. Mmoja akasema, "Mpeni mzee nafasi, huenda alimwibia pia."

Baba Lavenda alimwona. Damu ilikuwa imemjaa machoni lakini alimwona. Alikuwa amefunika kichwa kwa mikono, kama wanavyofanya wote. Akaitoa kichwani, akaishusha, akafunika taya lake.

Nilikuwa nimesogea mpaka karibu. Na nitakuambia kweli, moyo wangu ulikuwa unasema, mpige. Mpige hapo hapo.

Akampiga. Tofali lilishuka begani, na mfupa ulivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Baba Lavenda alipiga yowe, watu wakashangilia, na chupa ile ikafunguliwa ikamiminwa. Harufu ilipanda. Baba yako alibaki amesimama na tofali, anahema. Halafu akalitupa chini, akainua mikono yote miwili na akasema kwa nguvu zake zote, "Basi! Mwacheni!"

Kilichotoka hakikuwa maneno. Kwa wengine ilikuwa ngurumo tu.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema tumalize!"

"Haya, leta kiberiti!"

Akarudia. Akarudia tena, mate na machozi yanamtoka, akanigeukia. Kati ya watu wote wale nilikuwa mimi tu ninayejua amesema nini. Nilimtazama yule mtu chini. Nikaona kizingiti chetu, nikaona meno. Sikutaka kusema. Mwanangu, sikutaka kabisa. Lakini kazi yangu ilikuwa kusema alichosema, si ninachotaka mimi.

Nikapiga kelele. "Amesema mumwache! Mwacheni! Ni jirani yetu!"

"Jirani gani? Huyu ni mwizi!"

"Ni jirani yetu! Yeye ndiye alimkata huyu mume wangu mdomo! Kama ni wa kuuawa, wa kwanza kumuua tungekuwa sisi!"

Kijana wa kiberiti akanisukuma. Nikamshika mkono uliokuwa na njiti, na mtu mwingine nyuma akanipiga rungu kwenye kifundo cha mkono. Huu mkono wangu uliopinda, ninaokwambia nilianguka kwenye tope siku ya mvua, ulivunjwa hapo. Nilianguka juu ya Baba Lavenda. Petroli ikanilowesha gauni. Nilimsikia chini yangu ananong'ona jina la binti yake, si jina langu wala la Mungu, "Lavenda, Lavenda," kama mtu anayeita mtoto aje kula. Baba yako akatulalia sote wawili. Na labda ni hilo lililowashinda. Kumchoma mmoja ni rahisi kwa umati, lakini kuchoma mwanamke na mzee asiye na mdomo pamoja naye kulianza kuleta ubishi. Wengine walisema watutoe kwanza. Wengine wakasema basi. Mama wa nafaka na wenzake wakaja wakapitisha mikono, wakamburuta yule mtu nyuma ya vibanda. Akapona, akapoteza jicho moja. Kama kweli aliiba ile pikipiki, sijui. Labda aliiba.

Nyumbani baba yako hakugusa chakula. Nilikuwa nimefungwa mkono na nina hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa. Nikamwuliza, "Kwa hiyo umemsamehe?"

Akasema, "Sijamsamehe."

"Sasa kwa nini?"

Akanieleza pole pole, ili niyapate yote. Alisema ule mfupa ulipovunjika alisikia utamu. Utamu kamili, mwili mzima, kama maji baridi mtu akiwa na kiu. Na alipousikia akajua kwamba hata akimpiga mpaka abaki unga, angetaka zaidi. "Nikaogopa," alisema. "Si yeye niliyemwogopa."

Naliaka, skripti yako imejaa ule utamu. Ukurasa baada ya ukurasa. Na umeuandika vizuri, siwezi kudanganya, kuna mahali Tatu anamponda rubani wa mashine kifuani na mimi mwenyewe, mama mtu mzima, nilisema "ndiyo!" peke yangu kwenye chumba. Lakini hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayeshtuka kwamba amefurahi. Wale watu wako wa Johannesburg wanaogharamia filamu wamekwambia watazamaji wanataka vita vikubwa zaidi, na pengine ni kweli, wao ndio wanaojua biashara yao. Mimi najua tu kwamba sehemu ya pili ya vurugu tuliyoishi haikuwa vurugu kubwa zaidi. Ilikuwa kuamka asubuhi na kukuta yule mtu naye ameamka.

Kwa sababu alibaki Kawangware. Kila siku alipita upande wa pili wa barabara na jicho lake moja. Hakuwahi kuja kutushukuru wala kuomba radhi. Alisimama tu pale ng'ambo, baba yako akiwa ameketi nje na redio, na baada ya muda aliondoka. Baba yako hakumsalimia hata siku moja. Wala hakuingia ndani. Walikaa hivyo miaka, na mimi nikishona dirishani nilikuwa nawatazama nikingoja mmoja afanye kitu.

Halafu baba yako akafa, na siku ya kupakia jeneza kwenye gari la kwenda nyumbani Bungoma, wewe ulikuwa ndani unalia na shangazi zako, yule mtu alivuka barabara. Kwa mara ya kwanza. Alikuja mpaka langoni, amevua kofia. Wanaume waliobeba jeneza wakanitazama mimi. Nyuma ya jeneza ilipungua mikono miwili, alihitajika mtu.

Akasema, "Mama Naliaka, niruhusu nimshike."

Nikamwambia, "Ondoka."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Sijui kama nilifanya vyema. Kuna siku naona nilikuwa na haki yangu yote, na kuna siku nikiwa nashona nasimamisha cherehani kwa sababu ya lile neno. Ningekuwa nikimsemea baba yako, nadhani ningesema kitu kingine. Lakini siku ile hakukuwa na wa kumsemea. Nilikuwa nasema langu.

Sikuandikii haya ili uyaweke kwenye filamu. Ukiyaacha, sawa. Ukiona mkono wa moto ndio unaofaa, uache, na yule bibi wa kwenye skripti anayetengeneza mguu wa mashine kwa sufuria usimguse kabisa, huyo ni mzuri kuliko wote. Ila usiandike kwamba jirani alishakufa. Mwache aishi, hata kama hujui la kumfanyia. Mpeleke Tatu bombani asubuhi amkute amepanga foleni na mtungi wake, uone wewe mwenyewe kitakachotokea. Hata usipojua, utakuwa umeandika kweli.

Ndege yako ya kesho ni ya jioni, kwa hiyo asubuhi una nafasi. Baba Lavenda anauza makaa siku hizi, nyuma ya kile kiwanda cha matofali, na Lavenda anakaa naye. Nimemwuliza Lavenda kama unaweza kufika, akasema mlango uko wazi. Sijui utamwuliza baba yake nini. Huenda hatakuwa na la kusema, na huenda ukatamani kumpiga, na mimi sitakulaumu kwa lolote katika hayo mawili. Nitakusindikiza mpaka pale. Mimi sitaingia, bado. Nitasimama nje na begi lako mpaka utoke.

Mama yako